Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: bei ya bima ya afya inapanda, hesabu hatuioni

Kamishna, shikamoo. Kama umenizidi umri ipokee, kama hujanizidi ipokee hivohivo, mimi nimelelewa kwamba mwenye ofisi anaamkiwa.

Mimi ni mhasibu kwenye kiwanda kidogo cha mikate hapa Dar es Salaam, upande wa Tabata. Nasema mhasibu lakini mimi ndo HR pia, ndo mtu wa TRA na NSSF, na siku mtu wa kufungasha akikosekana naingia na mimi kwenye mstari nafunga mikate. Wafanyakazi tuko 41, ukijumlisha wake, waume na watoto, kadi za bima ya afya zilikuwa 112. Tunakata kampuni binafsi, sitaitaja, maana nimewauliza wenzangu wa viwanda vya jirani na wao wana kilio hikihiki na kampuni zao ni nyingine kabisa.

Sikiliza bei. 2022 tulilipa milioni 22. 2023 milioni 26. 2024 milioni 32. Afu tarehe 23 Desemba 2024, mikate ya sikukuu inatoka usiku na mchana, mtu hapati hata dakika ya kukaa, inaingia imeili ya broka, dalali wetu wa bima: mwaka unaofuata ni milioni 41. Bima inaisha tarehe 31. Yaani siku nane, humo ndani kuna Krismasi, Boksingi dei na wikiendi. Na kanuni yenu ni hakuna ada hakuna bima, ambayo mimi sina ugomvi nayo, lakini maana yake usipolipa, tarehe 1 Januari mtoto wa mtu akiumwa kadi inagoma. Sasa hapo mtu anajadiliana na nani?

Bosi akaniuliza hii milioni 9 ya juu imetoka wapi. Nikampigia broka, akasema uwiano wenu wa madai, yaani madai yenu ukiyapima kwa ada mliyolipa, umefika asilimia 96. Nikamwambia nitumie huo uwiano niuone. Akanitumia PDF ya karatasi moja, ina mistari mitatu: ada 32,000,000, madai 30,700,000, asilimia 96. Basi, imeisha hiyo. Kamishna, hata Mangi wa dukani akikudai anakufungulia daftari, anakuonyesha tarehe hii ulichukua sukari nusu, tarehe hii mche wa sabuni, ndo mnaanza kubishana. Mimi nadaiwa milioni 41 sina hata daftari.

Tukalipa.

Kabla sijafika kwenye ombi langu niseme na sisi tulichokosea, nisionekane naja kulia tu. Mwanzoni mwa 2024 tulijifanya wajanja. Bei ilikuwa inakuja milioni 33 na laki 8, broka akatushauri tupunguze kikomo cha matibabu ya nje, yaani ya kutibiwa bila kulazwa, kwa kila familia, tukapunguza, tukaokoa milioni 1 na laki 8, bosi akanipongeza mbele ya watu. Sasa tunaye mzee wetu mmoja wa kwenye tanuri, fundi hasa, anajua mkate umeiva kwa kuugonga chini kwa kidole, ana presha ya miaka mingi. Agosti kikomo chake kikaisha. Hakusema. Akaacha dawa. Novemba, saa kumi alfajiri, akaanguka pembeni ya miksa, trei imemwangukia kifuani, mdomo umeenda upande mmoja. Kiharusi. Akalazwa siku 11, bili milioni 4 na laki 2. Amerudi kazini lakini saivi tumemweka getini, mkono wa kulia haunyanyui trei.

Ile milioni 1 na laki 8 niliyopongezwa nayo sijui niiandike wapi kwenye vitabu.

Na kinachouma zaidi ni kwamba dawa yenyewe wala sio ghali. Amlodipini ya mwezi mzima haifiki elfu kumi famasi. Kilichomaliza kikomo chake ni kwamba kila akienda kuchukua vidonge lazima kwanza alipiwe kumuona daktari, afu apimwe vipimo vilevile vya mwezi uliopita, ndo apewe vidonge 30 arudi mwezi ujao kuanza moja. Kwa hiyo hatukuishiwa hela ya dawa, tuliishiwa hela ya kwenda kuomba dawa. Hili nililijua baadae, Machi 2025, baada ya barua nne na kukaa mapokezi kwa kampuni ya bima mara mbili, ndo wakanipa eksel ya madai yetu yote ya mwaka. Mistari 611, haina majina.

Nilikaa nayo ofisini jioni moja mpaka zamu ya usiku ikaingia. Acha nikwambie nilichokiona.

Cha kwanza, majeraha ya moto. Manne. Tanuri, trei, mafuta ya maandazi. Jumla milioni 3 na laki 1, yote yamepita kwenye kadi ya bima ya afya. Wakati kila mwezi nalipa WCF asilimia 0.5 ya mishahara, tena ilikuwa asilimia 1 kwa sisi sekta binafsi ikashuka 0.6 ikaja 0.5, nashukuru, na kazi ya huo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndo hiyohiyo, aliyeumia kazini atibiwe kwa hela ya fidia. Lakini mtu akiungua supavaiza anafanya nini? Anampakia kwenye pikapu ya mikate, kadi mkononi, mbio hospitali. Hospitali wanaona kadi wanapokea, kampuni ya bima inalipa, mimi siripoti WCF sababu hakuna aliyenidai, afu mwisho wa mwaka inarudi kwangu kama uwiano wa madai. Kosa langu hilo, nalikubali. Ila kampuni ya bima nayo iliona dai la kuungua, la mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, saa nane za usiku, na haikuuliza hata mara moja kama ameungulia kazini.

Cha pili pia changu. Kadi 14 kati ya zile 112 zilikuwa za watu walioacha kazi na familia zao. Sikuzirudisha, wengine walishahama hata mji, na kadi zilikuwa zinatibu, milioni 1 na laki 9. Toa hiyo, toa na ya moto, unabaki na milioni 25 na laki 7, uwiano unakuwa asilimia 80, sio 96. Ningekuwa na hii eksel Septemba tungezungumza bei nyingine. Nilipowapelekea hesabu wakasema dada, mkataba ulishasainiwa, tutaliangalia wakati wa kurinyuu.

Cha tatu nacheka lakini sio cha kucheka. Mistari 143 imeandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Wanaume wa tanuri UTI, watoto wa darasa la pili UTI, mwenye mafua UTI, na penye UTI taifodi haiko mbali, na sindano za masaa siku tano. Mimi sio dokta sitabishana na maabara ya mtu. Lakini karibu zote zimetoka hospitali moja iliyo karibu na kiwanda, ambayo haina foleni na bei ya kumuona daktari pale ni mara mbili ya kituo cha afya cha pili kutoka hapo. Tulipowaambia wafanyakazi waanzie kituo cha pili, tukawaeleza kwa nini, tukaonyeshana hizo namba, walikubali vizuri tu. Watu hawakatai kubana matumizi wakiona hela inaenda wapi, tena kijana mmoja wa delivari akajitokeza mwenyewe akasema alishamkopesha binamu yake kadi, hajui kama inaingia kwenye bei ya wote.

Na yule mzee na wenzake saba wenye presha na sukari tumeongea na famasi, tunawanunulia dawa kwa cheti cha miezi mitatu, daktari wanamuona kila robo mwaka. Jumamosi nesi anapita anapima presha, foleni inaanzia kwenye magunia ya unga. Gharama yake kwa mwezi ni chini ya tunachotumia kwenye hamira, na sitanii.

Sasa Kamishna ombi langu ni moja. Kampuni za bima ya afya zilazimike kumpa mwajiri ripoti ya madai kila robo mwaka, na barua ya bei mpya siku 60 kabla bima haijaisha. Ripoti ioneshe kulazwa ni kiasi gani, matibabu ya nje, uzazi, meno, macho, kila hospitali imekula ngapi, na ndani yake kumuona daktari ni ngapi, vipimo ngapi, dawa ngapi, kadi ngapi ziko hai, madai gani yalikuja ila hayajalipwa. Na huo uwiano waoneshe wameupigaje. Hakuna kitu hapo ambacho hawana, wanavyo kwenye kompyuta, si ndo wanavyotumia kutupandishia.

Leo hii mtu akipanda bodaboda anaweza kuhakiki bima yake kwenye simu kupitia mfumo wenu wa TIRAMIS, anaona stika ni halali au ni feki ya Kariakoo. Mmeweza hilo kwa nchi nzima. Mimi mwenye roho 98, ukitoa zile kadi 14, na milioni 41 naomba karatasi mbili tatu kila miezi mitatu.

Najua kampuni za bima watakachokujibu maana mimi walishanijibu: taarifa za wagonjwa ni siri, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni kweli, na hapa naomba unisikilize vizuri sababu niko upande wao kidogo. Ile eksel haikuwa na majina lakini ilikuwa na jina la ugonjwa, tarehe na hospitali. Kwenye mstari mmoja nilimtambua mtu ndani ya dakika mbili. Tuko 41 tu, nani alikuwa mapumziko tarehe ile namjua, nani anakaa karibu na hospitali ile namjua. Nilijua kitu ambacho hakunikusudia nikijue, na kesho yake akaniamkia kama kawaida nikashindwa kumuangalia. Sijamwambia mtu na sitasema. Kwa hiyo kwa vikundi vidogo kama sisi ugonjwa usiandikwe kabisa, ziandikwe hela tu na aina ya huduma, na ugonjwa utajwe pale tu wanaougua ni wengi kiasi kwamba hakuna wa kunyooshewa kidole, kama presha kwetu. Mimi kujua nani ana nini sikuhitaji. Nilihitaji kujua moto umetumaliza milioni 3. Lakini siri ya mgonjwa isigeuzwe kuwa siri ya mfanyabiashara, hivyo ni vitu viwili.

Utaniuliza mbona hatuendi NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ambako mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu mwajiri nusu mfanyakazi, mtu na mwenza na wategemezi wanne. Swali zuri, kwa mishahara ya kiwanda cha mikate ni nafuu sana na bosi keshaanza kuliuliza. Kilichotushikilia ni Machi 2024, kitita kipya cha bei, yaani orodha ya bei ambazo NHIF inazilipa hospitali, kilipoanza hospitali kadhaa binafsi zikakataa kadi za NHIF, wafanyakazi waliona kwenye simu zao majirani wanarudishwa getini, wakaogopa. NHIF na hizo hospitali wakarudi mezani huduma zikarejea lakini ile hofu bado ipo. Ila hofu nayo ina bei yake, na kwa kupandishiwa asilimia 28 kwa mwaka hatutafika mbali nayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge limeshaipitisha tangu Novemba 2023, bima kwa mfanyakazi sio hisani ya bosi tena. Viwanda vidogo vyenye vijana wenye afya vikihama vyote, hizo kampuni binafsi zitabaki na nani? Hilo ni lenu na wao, mimi narudi kwenye mikate.

Sijaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima sababu hakuna dai letu lililokataliwa. Yalilipwa yote, hata yasiyotakiwa kulipwa, ndo shida yenyewe.

Kadi 14 nimezirudisha. Ajali ya mwisho ya moto, ya Julai, nimeiripoti WCF mwenyewe. Nimeomba ripoti ya mwaka huu mara tatu, Juni, Agosti na wiki iliyopita, najibiwa iko kwenye mchakato. Bima yetu inaisha tarehe 31 Desemba na barua ya bei mpya haijafika.

Wako,
Mhasibu wa kiwanda cha mikate, Tabata