Malalamiko kuhusu Honda CG125 yangu na tangi mlilolipima kwa kilo

Kwa Meneja Mkuu,
Nakala: Msimamizi wa Gereji, Mhasibu

Bwana Meneja,

YAH: TANGI LA HONDA CG125, FREMU ILIYOKATWA BILA IDHINI, NA SHILINGI 1,350,000 NILIZOLIPA

Salaam. Natumaini mu wazima na kazi zinaendelea. Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo, na adabu nitajitahidi kuichunga mpaka mwisho wa barua.

Msimamizi wenu wa gereji alichukua tangi la mafuta la pikipiki yangu, akalitundika kwenye mizani ya skrepa mbele ya wateja, akasoma kilo, akanitajia bei na kusema hela hiyo ataipunguza kwenye deni langu. Tangi halikuwa linauzwa. Hakuna siku niliyotamka kwamba linauzwa. Mpaka ninapoandika barua hii liko kwenu, kama bado lipo.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, yamechapwa nyuma ya risiti kwa herufi za kuumiza macho. Kitu cha mteja hakitupwi, hakiuzwi wala hakibadilishwi bila saini yake. Nionyesheni saini yangu.

Kazi niliyowaletea haikuwa ya kitajiri. Mlipiga hesabu ya 1,850,000 kwa kila kitu, nikatanguliza 1,350,000, na spea nikaleta mwenyewe kutoka soko la spea la Kisekka, hapo Kampala: brekishuu za mbele na nyuma, kebo ya klachi, cheni na sproketi zake, na pistoni ya ovasaizi pamoja na ringi, maana silinda nilikuwa nimeshaichongesha leti kwa mafundi wa vyuma wa Katwe na ile ya kiwandani ya milimita 56.5 isingekaa. Ndiyo raha ya CG. Wachina wameinakili injini hii miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo hata mtu wa mshahara mdogo anaweza kuifufua bila kuagiza kitu Japani. Hilo sikujifunza kwenu.

Mwenye hela kidogo huanza na breki, matairi na waya. Sura huja mwisho, kama kuna kilichobaki. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi ya kazi, kwa mpangilio huohuo, na msimamizi wenu akaigonga muhuri. Halafu ninyi mkaisoma karatasi kutoka chini kwenda juu.

Nilisema siti ifupishwe kwa kubadilisha sponji na ngozi tu, fremu isiguswe. Maneno "fremu isiguswe" nimeyapigia mstari. Mkapitisha grainda nyuma ya fremu, mkachomelea bomba lililopinda kwenda juu ili ifanane na picha mliyobandika ukutani, na mshono wenyewe umekaa juu kidogo ya pale shokapu zinapofungwa, mahali ambapo uzito mwingi wa mwendeshaji na abiria unashukia. Ncha ya ukucha inaingia kwenye huo mshono, nimejaribu. Kisha mlipokuwa mkikwangua rangi, grainda hiyohiyo ikapita shingoni mwa fremu palipogongwa namba ya chesisi, na sasa tarakimu mbili za mwisho hazisomeki. Bwana Meneja, wewe unaijua Kampala. Askari wa trafiki akinisimamisha, akalinganisha logibuku na fremu, akakuta namba imekwanguliwa, ataniita nani kama si mwizi? Nitamwambia nini? Kwamba ni urembo?

Kava la cheni nalo liko wapi? Honda walipoitoa CG mwaka 1976 walizifikiria nchi kama zetu, ambako mafuta ya injini yanasahaulika na barabara ni vumbi. Ndiyo sababu valvu zake zinasukumwa na fito, hazitegemei cheni ya kamshafti, na cheni ya nyuma imefunikwa pande zote. Kwangu ukiacha lami ni vumbi jekundu mpaka mlangoni. Kijana wenu akalitoa kava kwa sababu linaharibu sura. Cheni niliyoinunua ikiwa mpya sasa inasaga mchanga.

Boksi la chujio la hewa nalo lilitolewa, likawekwa chujio la koni linalong'aa, na jeti ya kabureta, inayopitisha petroli, ikaachwa ileile ya zamani. Hewa imeongezeka, petroli haikuongezeka. Hata vijana wa boda wa stejini kwetu wanajua matokeo yake: injini inachemka, inakohoa ukifunga mafuta, na plagi ukiifungua unaikuta nyeupe. Na umeme ndio kichekesho chenyewe. Bili yenu inasema "kubadilisha umeme kwenda volti 12, 280,000". Mlichobadilisha ni betri na balbu. Koili iliyo ndani ya injini ni ileile ya volti 6, regyuleta ya kudhibiti chaji hakuna. Koili hiyo itaichajije betri ya 12? Haiwezi. Betri ilikuwa inaliwa tu bila kurudishiwa kitu tangu nilipotoka getini kwenu.

Matokeo yake niliyapata Matugga, usiku. Masharti yenu yanaruhusu mteja aende na pikipiki kwa majaribio ya barabarani kabla ya kumalizia malipo, nikaenda nayo nyumbani Bombo nikiwa na mpwa wangu nyuma. Kupita Kawempe taa ilianza kufifia, na kufika Matugga ilikuwa nyekundu kama ncha ya sigara, malori ya Gulu yakitupita kwa honi. Nikashika breki nisimame pembeni. Breki ya mbele haikushika. Baadaye nikafungua dramu: brekishuu ni zile za zamani, zimeisha mpaka kwenye chuma. Zangu mpya za Kisekka sijui ziko kwenye pikipiki ya nani. Nililipa pikapu kuirudisha kwenu asubuhi, na risiti ya pikapu nimeiambatanisha.

Hapo ndipo nilipotegemea kusikia pole. Nilichokipata ni mizani.

Nitaieleza tena siku hiyo, na safari hii taratibu, kwa sababu nina hakika wewe umesimuliwa vingine. Nilikuwa nimesimama kaunta na karatasi yangu ya kazi mkononi, nikisoma kipengele kimoja baada ya kingine bila kupaza sauti. Watu walikuwa wengi, wateja wenu na madereva wa boda waliokuja kubadilisha oili. Msimamizi hakuitazama karatasi. Alimwita kijana, akamwambia alifungue tangi. Nikauliza la nini. Akasema, "Tulia, Haji." Mimi sijaenda Makka, na yeye anajua; alikuwa anaisoma kofia yangu. Kijana akafunga koki, akachomoa bomba, akalitoa tangi, na petroli yangu iliyokuwa ndani akaimimina kwenye jenereta yenu. Naam, kwenye jenereta yenu, nikiwa natazama. Kisha msimamizi akalitundika tangi kwenye ndoano ya mizani mnayopimia skrepa, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayepiga picha, akasoma kwa sauti: kilo nne na nusu. "Elfu moja kwa kilo. Shilingi 4,500, Haji, tumekupunguzia deni." Watu wakacheka. Alipoona wamecheka akaongeza: injini nayo ikifika Katwe inatoka sufuria mbili, na mke wangu atashukuru.

Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, hakucheka. Kijana aliyelifungua tangi naye hakucheka, nampa haki yake hapo. Msimamizi akawageukia mafundi akawaambia kwa Luganda kwamba wazee wa vijijini wakishakuwa na shilingi mbili huota ndoto za Wazungu. Mimi nimezaliwa Bombo, bwana. Luganda naisikia kama Kiswahili.

Tangi hilo baba aliendea kazini mpaka alipostaafu. Lina kibonye upande wa kushoto ambacho sikutaka kinyooshwe, niliandika kwenye karatasi, kipengele cha mwisho. Sikutaka lipigwe rangi. Kitu ambacho kuliko vyote katika pikipiki nzima hamkutakiwa kukigusa ndicho mlichokipeleka mizanini.

Na kama ni utani, mhasibu wenu hakuambiwa. Bili ya mwisho aliyonitumia ninayo. Jumla imepanda kutoka 1,850,000 hadi 2,640,000 bila simu wala barua, imetolewa 1,350,000 niliyolipa, na chini yake, kwa chapa ya kompyuta, "punguzo la skrepa 4,500". Salio 1,285,500. Mmeandika wenyewe kwamba mmenunua tangi ambalo sikuwauzia. Sijui mlimpa nani kazi ya kukagua bili kabla ya kutoka, lakini mimi namshukuru sana.

Juzi mhasibu akatuma ujumbe kwamba nisipolipa, pikipiki itaanza kutozwa ada ya kuegeshwa. Nitoe hela ya maegesho ya pikipiki isiyo na tangi!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo machache: tangi, kava la cheni na boksi la hewa virudi, brekishuu zangu zifungwe, na 280,000 za umeme ambao haukufanyika zirudishwe. Nilikuwa tayari hata kuusamehe mshono wa fremu na kwenda kuurekebisha kwa welda wangu Katwe kimyakimya. Lakini nimeyaandika yote haya, nikaisoma tena bili, na sioni kwa nini nilipe mimi.

Kwa hiyo nataka shilingi 1,350,000 zote. Tangi lije likiwa na kibonye chake. Kava, boksi la hewa na spea zote nilizoleta zije, au thamani yake kwa bei ya Kisekka ya leo. Gharama ya kuikata na kuichomelea upya fremu kwa fundi nitakayemchagua mimi ni yenu. Pikipiki ifikishwe Bombo kwa pikapu mtakayoilipia ninyi. Na nataka barua yenye muhuri wa kampuni inayoeleza kwamba namba ya chesisi iliharibikia mikononi mwenu wakati wa kazi, niwe na kitu cha kuwaonyesha polisi na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barua hiyo naihitaji kabla ya hela.

Msimamizi naye aniombe radhi, palepale kaunta, asubuhi watu wakiwa wengi. Kwenye simu sitaki. Mpwa wangu atakuwepo.

Mna siku 14. Zikipita, sitaandika tena wala sitakuja kupiga kelele getini, umri huo nimeupita. Nitakwenda Mahakama ya Hakimu kwa utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi milioni 10, na dai langu linaingia humo na nafasi inabaki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka anayetoa huduma aifanye kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Nitapeleka karatasi ya kazi yenye muhuri wenu, bili yenye "punguzo la skrepa", picha za mshono na risiti ya pikapu ya Matugga, nimwachie hakimu. Kuhusu tangi sitasubiri hakimu. Kitu cha mtu kilichochukuliwa bila ridhaa yake ni suala la polisi, nami nitafungua jalada kwenye kituo kilicho karibu nanyi siku ya 15 asubuhi, kwa jina la msimamizi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, wa eneo lenu nimeshamweleza, anasubiri nakala.

Na kama tangi limeshauzwa kwa wanunuzi wa skrepa, nawashauri mlitafute leo, maana wale hawahifadhi kitu mpaka Ijumaa. Likikosekana, yote niliyoyadai hapo juu yabaki palepale, na juu yake nitadai tangi la Honda la asili, si la Kichina lililobandikwa nembo. Mtaliagiza kokote mtakakolipata, kwa gharama yenu, hata kama bei yake itaizidi bili yote.

Namba yangu ya simu mnayo. Mhasibu wenu huipata upesi sana anapotaka hela.

Wenu,
Mteja, mwenye CG125
Bombo

Viambatanisho: nakala ya karatasi ya kazi yenye muhuri, risiti ya malipo, bili ya mwisho, risiti ya pikapu, picha za fremu na za dramu ya mbele.