Risala ya Klabu ya 4-H kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupokea Wanachama Wapya

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Kilimo wa Wilaya yetu ya Muheza, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Tunakushukuru nawe kwa kuitikia mwaliko wetu katika msimu huu wa mvua, wakati wakulima wanakuhitaji kila kijiji. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Leo tunawapokea wenzetu wa kidato cha kwanza walioomba kujiunga na 4-H, klabu ya vijana ya kujifunza kilimo na stadi nyingine kwa vitendo. Mmoja wao alipopeleka fomu nyumbani ili mzazi aweke saini, aliulizwa, "Umefanya kosa gani huko shule?" Mzazi yule hakuuliza kwa ubaya. Wengi wetu tumelishika jembe shuleni pale tu tulipochelewa namba au tulipopiga kelele darasani. Mimi mwenyewe, katika shule niliyosoma awali, niliwahi kumwagilia mchicha wiki mbili kama adhabu. Sikuambiwa mchicha ule uliuzwa wapi, wala kwa nini tuta moja lilistawi na la pili likadumaa.

4-H ilianza kwa namna tofauti. Mwaka 1902, huko Clark County katika jimbo la Ohio, Marekani, msimamizi wa shule aliyeitwa A. B. Graham aliwakusanya watoto wa wakulima wajaribu mbegu za mahindi na kupima udongo wa mashamba yao. Herufi H nne ni za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kichwa, moyo, mikono na afya. Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua. Tunasema kwa heshima kwamba kule kupanga na kuamua kulipotea njiani, likabaki jembe peke yake.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kazi yetu kubwa ni kitalu cha michungwa, kwa kuwa Muheza ni machungwa. Tunaotesha mbegu za limau kwenye viriba. Mche ukifikia unene wa penseli tunaubebesha: tunachanja gome kwa umbo la herufi T, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, tunachukua jicho, yaani chipukizi changa, kutoka tawi la mchungwa unaozaa vizuri, tunalichomeka chini ya gome na kulifunga kwa utepe wa nailoni. Ule upande uliokatwa haushikwi kwa kidole. Baada ya wiki tatu tunafungua. Jicho likiwa la kijani, limeshika. Likiwa jeusi, limekufa.

Katika miche 10 niliyobebesha mara ya kwanza, ilishika 2. Mwalimu mlezi hakunigombeza. Aliniambia nifungue daftari niandike sababu ninazozidhani. Niliandika kwamba kisu kilikuwa butu, na kwamba vijiti vya macho nilivikalisha juani nikimsubiri mwenzangu. Awamu ya pili ilishika 7. Kila mwanachama ana daftari kama hilo, lenye gharama za viriba, mboji na mbegu. Tumejifunza kugawa gharama kwa miche iliyoshika, si kwa yote tuliyobebesha, na hapo ndipo bei ya kuuzia inapopatikana. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikimbia hesabu ndiye mtunza hazina wetu sasa.

Tunajifunza pia kutengeneza sabuni ya maji, kuweka akiba, na kusimama mbele ya watu kama ninavyosimama sasa.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Tuna upungufu wa maji. Kiangazi cha Januari na Februari tunabeba ndoo kutoka mtoni, na miche midogo hutufia. Tunaomba utusaidie kupata tangi la kuvunia maji ya mvua ya bati la darasa. Tunaomba pia visu vya kubebeshea, kwani vilivyopo ni viwili na tunapokezana.

Ombi letu la tatu halihitaji fedha, na ndilo tunaloliombea kwa moyo wote. Unapozitembelea shule za wilaya hii, tusemee ili jembe liondolewe katika adhabu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe miaka saba ni vigumu kumwambia akiwa kidato cha nne kwamba kilimo ni kazi ya heshima.

Sasa tunakuomba uwakabidhi wanachama wapya, kila mmoja, mche wake wa kwanza wa limau na daftari lake. Miche bado ni myembamba. Itakuwa tayari kubebeshwa watakapokuwa kidato cha pili, na sisi tutakuwa nao pale kitaluni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya 4-H