Simu ilikuwa inaita stoo

Mwaka jana mwezi wa pili sisi wauza mitambo ya simu za ofisini tuliitwa na ofisi moja ya maji huku kanda ya kati, jina lao naliacha, wakatuambia shida yao ni dada wa mapokezi, hapokei simu. Bomba linapasuka asubuhi maji yanamwagika barabarani mpaka jioni, watu wanapiga namba ya dharura inaita weee mpaka inakata yenyewe. Dada wa watu ameshaandikiwa barua ya kujieleza, yeye anasema simu haijaita mezani kwake wiki nzima na hakuna anayemuamini.

Nilichofanya ni kidogo tu, nilichukua simu yangu ya mkononi nikapiga ile namba yao ya 026 na mwenzangu akawa anatembea korido nzima anasikiliza. Inaita kweli. Inaita stoo, nyuma ya maboksi ya mita, chumba kimefungwa na ufunguo anao mtunza stoo ambaye muda mwingi yuko saiti.

Sasa ilikuwaje. Ule mtambo wa simu, PABX, lile boksi la ukutani ambalo wafanyakazi wengi hawajui hata liko wapi, ndo unaotunza kumbukumbu ya simu ikiingia iite wapi, na kwenye mtambo kama ule wa zamani kumbukumbu inashikiliwa na kabetri kadogo kalikopo kwenye bodi. Kabetri kakifa, umeme ukikatika tu mtambo unasahau kila kitu unarudi kama ulivyotoka kiwandani, na ule wao ukirudi hivyo simu zote za nje zinaingia ekstensheni ya kwanza, yani simu ya ndani ya chumba cha kwanza kwenye orodha. Ekstensheni ya kwanza zamani ilikuwa mapokezi, baadae mapokezi wakahamia mbele na kile chumba kikawa stoo. Fundi wao alikuwa anajua, kila umeme ukikatika anaingia kuprogramu upya kimya kimya, akastaafu, hakuacha hata karatasi.

Kabetri ni ka hela ndogo, tulikabadilisha siku ile ile, na tulimuomba bosi wa yule dada aje aone kwa macho yake. Sisi tunauza mitambo mipya lakini kama shida yako ni betri basi badilisha betri, hatutakuuzia kingine.

Ila kwa ofisi ile betri haikutosha. Walikuwa na laini 4 za nje. Bomba kubwa likipasuka mtaa mzima unapiga dakika zile zile, wanne wanaingia, wa tano anakuta bize, na mtambo haumuandiki popote kwamba alipiga. Mwisho wa mwezi meneja anaangalia simu zilizopokelewa anaona hali shwari, kumbe waliokosa ni wengi na hawana pa kuonekana, na hapa ndo panaponiuma kuliko pote kwasababu yule wa tano pengine ndo aliyesimama pale pale bomba lilipopasuka. Juu ya hapo kadi mbili za ndani ya mtambo zilishaungua kwa radi, mnajua mvua zetu za kuanzia Disemba zinavyokuja, na spea za mtambo ule hazipatikani tena.

Kwahiyo tukawahamishia kwenye simu za IP, yani sauti inapita kwenye mtandao ule ule wa kompyuta. Swali la kwanza huwa ni intaneti yetu itaweza? Simu moja kwa kodeki ya G.711, yani namna ya kugeuza sauti iwe data, inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwahiyo simu 30 kwa mpigo hazifiki hata megabiti 3. Kinachoharibu sauti mara nyingi ni kuchelewa kufika, ikizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja watu wanaanza kugongana maneno, ndo maana tunazitengea simu njia yake kwenye swichi, lile boksi linalounganisha kompyuta na simu za ofisi, ili mhasibu akishusha faili kubwa sauti isikatike.

Namba yenu ya 026 msiitupe. Imeshaandikwa kwenye bili na kwenye magari, wazee wanaijua kwa kichwa. Kuna kifaa kinaitwa getiwei, laini ya shaba inachomekwa upande mmoja na upande wa pili inaingia kwenye mtambo mpya.

Kuna kitu wauzaji wengi hawasemi. Simu ya zamani ilikuwa inapata umeme kwenye waya wake wenyewe, hii mpya inategemea swichi, swichi ikizima ofisi nzima inakuwa bubu. UPS, yani betri ya akiba umeme ukikatika, ya swichi, rauta na seva ni lazima, ukipewa bei haina UPS ujue bei hiyo haijaisha. Na pasiwedi za kiwandani zibadilishwe siku ya kwanza, simu za nje ya nchi zifungwe kama hamzihitaji, maana kuna wezi wanaingia usiku kwenye mitambo iliyoachwa wazi wanapiga nje kwa hela yenu.

Kuhusu ile sauti iliyorekodiwa ya kumkaribisha anayepiga, dharura iwe ya kubonyeza namba 1 na isikike ndani ya sekunde chache. Mama amesimama kwenye maji na anatumia salio lake, usimsomee historia ya taasisi. Pale ofisi ya maji sauti iliyorekodiwa ni ya yule yule dada wa mapokezi. Sasa hivi anayekosa anabaki kwenye orodha na anapigiwa. Kama mnarekodi maongezi mwambieni anayepiga mwanzoni kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Mtambo wa zamani tuliuacha ukitembea sambamba na mpya wiki mbili ndo tukauzima, na mchoro wa ekstensheni zote tumeubandika ndani ya mlango wa kabati la swichi, nakala nyingine iko kwa ofisa utumishi.

Kabla hujatupigia, Jumatatu saa tatu asubuhi piga namba ya ofisi yako mwenyewe kwa simu ya mkononi, mtu mwingine azunguke vyumba asikilize inaita wapi, halafu pigeni watu sita kwa pamoja muone nani anaambiwa bize. Andika mlichokiona utuletee. Ukaguzi Dodoma mjini, Chamwino na Bahi hatuchaji, Kongwa na Mpwapwa mnatuchangia mafuta tu.