Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Kale Zanzibar: nyumba za Mji Mkongwe zitengenezwe na watu wakiwa ndani

Mheshimiwa Waziri, asalaam aleikum.

Nakuandikia mie mkaazi wa Mji Mkongwe, Kiponda, sina cheo chochote, na jambo langu ni moja tu ingawa litachukua maneno mengi kidogo. Nyumba za mji huu zinazopata matengenezo ya maana nyingi ni zile zinazogeuzwa hoteli, na zisizogeuzwa hoteli zinangoja mpaka zianguke. Hapo katikati ndo tunaishi sisi.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Dispensari ya zamani pale Mizingani, ile aliyoianzisha Tharia Topan miaka ya 1880, ilikuwa hali mbaya mpaka Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikaja kuikarabati miaka ya 1990 na leo zile roshani zake zinapendeza kama kwamba zimechongwa jana. Forodha ya zamani hapo hapo Mizingani imekuwa chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, ukipita jioni unasikia ala za udi na kanuni zikipigwa juu kwenye madirisha. Hii ndo aina ya ukarabati ninayoiombea, jengo la zamani limepewa kazi mpya na mtoto wa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, anaingia mlangoni bila ya mlinzi kumuuliza anakwenda wapi.

Lakini Mheshimiwa unajua vizuri kuliko mimi yaliyotokea Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Jengo la mwaka 1883, mwaka 2012 upande wake mmoja ukameguka, miaka ikapita, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka mafundi wakiwa kazini na watu wawili wakafa, Mungu awarehemu. Sasa kama jengo kubwa vile, linalojulikana dunia nzima, limefika huko, nyumba ya wakfu ya vyumba sita Mkunazini anaikumbuka nani? Mji una majengo zaidi ya 1,700 na mengi wala si makumbusho, ni nyumba za watu, nyengine za Serikali, nyengine za Wakfu, nyengine za warithi ambao mmoja yupo Muscat mwengine London mwengine yupo hapa hapa lakini hawasemezani, na mpangaji wa chini hajui hata aende kwa nani maji yakianza kupenya darini.

Na hapa niseme suala la saruji maana linaniuma kweli. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, nene kiasi cha nusu mita na zaidi, na ukuta wa namna hii unanyonya maji na kuyatoa wenyewe, unapumua yaani. Ukiupiga plasta ya saruji umeuziba pua. Maji yanabaki ndani, chumvi inaula, na zile ncha za boriti za mkoko zilizoshika sakafu zinaoza humo ndani ya ukuta hakuna anaeziona, kwa nje rangi mpya inang'aa na kila mtu anasifu, halafu masika moja sakafu inakuja chini. Nyumba ya jirani yetu ilikuwa hivyo hivyo, mwenye nyumba alileta fundi wa rahisi, wakamaliza kazi haraka, na sasa chumba cha juu hakikaliki. Simlaumu sana maana fundi wa chokaa anaejua kazi ni wa kutafuta, na chokaa yenyewe inataka kuzimwa kwa maji na kuachwa iive, mtu mwenye watoto na mvua inakuja hana muda huo.

Halafu tunaambiwa habari za majengo ya kulinda mazingira, wakati nyumba hizi zilishafanya hivyo kabla ya umeme! Kuta nene, dari refu, ua wa katikati unavuta upepo, mchana wa Februari unakaa ndani bila ya kiyoyozi. Mtu anaufunika ule ua kwa bati apate chumba cha ziada, joto linajaa, anatundika viyoyozi vinne vinavyodondosha maji kwenye ukuta ule ule wa chokaa. Kibali cha hayo kinatoka wapi Mheshimiwa?

Ninachokuomba ni hiki. Kwenye fedha anazolipa mgeni anaekuja kuutizama mji huu, sehemu ijulikane wazi kuwa ni ya kutengeneza nyumba zinazokaliwa, za Wakfu na za Serikali kwanza, na mpangaji akihamishwa wakati wa matengenezo apewe karatasi ya kurudi kwa kodi anayoweza kuilipa, karatasi si ahadi ya mdomo. Ufundi wa chokaa na boriti usomeshwe kwenye vituo vya amali kama Mwanakwerekwe, na wazee waliobaki wenye ujuzi walipwe kusomesha. Na chokaa iuzwe hapa mjini ikiwa imeshaiva, kwa bei ambayo mtu hatokimbilia mfuko wa saruji. Najua kuchoma chokaa kunakula kuni na boriti zinatoka kwenye mikoko, kwa hivyo na hilo lipangwe, mikoko ikatwe kwa mpango na ioteshwe, lakini isiwe sababu ya kuturudisha kwenye saruji.

Hoteli zipo za kutosha. Jumba la Mambo Msiige lilishageuzwa hoteli, Shangani yote karibu ni ya wageni, sisi wa Kiponda na Malindi na Sokomuhogo bado tunaanika nguo na kuuza vitumbua barazani na watoto wetu wanakwenda skuli kwa miguu kupitia vichochoro hivi hivi.

Masika inaanza Machi, Mheshimiwa. Zipo nyumba zimeegemezwa miti tokea mwaka juzi na watu wanalala ndani. Tuma wahandisi wazipitie kabla ya mvua, na orodha ya nyumba hizo ibandikwe masheha wetu waione na sisi tuione.

Wako,
Mkaazi wa Kiponda