Thamani ya fleti itokane na fleti zinazofanana nayo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanunuzi wa fleti jijini Dar es Salaam, pamoja na wathamini wenzangu wanaoandika ripoti za benki, kuhusu mauzo tunayoyachagua kwa kulinganisha. Ripoti nyingi huharibikia hapo.

Anza na jengo lenyewe. Fleti iliyouzwa humo karibuni ina lifti ileile, jenereta ileile na mchango uleule wa huduma kila mwezi. Lakini usiishie humo. Katika jengo jipya muuzaji karibu siku zote ni mwendelezaji, yaani aliyelijenga ili auze, na bei yake huweza kubeba viyoyozi, makabati ya jiko au unafuu wa kulipa kwa awamu. Tafuta walau fleti moja ambayo mwenyewe alimuuzia mtu mwingine, na nyingine ya jengo jirani la hadhi hiyo. Bei ya tangazo la dalali si mauzo.

Kisha uliza kipimo. Tuseme fleti imeuzwa Sh240 milioni, na karatasi inasema mita za mraba 120: hiyo ni Sh2 milioni kwa mita. Ukiipima ndani ya kuta unapata 96. Zilizobaki ni roshani na fungu la korido na ngazi. Kwa kipimo cha ndani, kila mita imeuzwa Sh2.5 milioni. Anayechukua ile Sh2 milioni na kuizidisha kwa mita 96 za ndani za fleti pacha ataandika Sh192 milioni. Sh48 milioni zimeyeyuka, na soko halijashuka hata shilingi!

Marekebisho ya tofauti kati ya fleti hizo mbili nayo hufanywa kwenye bei ya fleti iliyouzwa. Ikiwa ina maegesho mawili na unayoithamini ina moja, punguza bei ya iliyouzwa. Wapo wanaoongeza.

Nyumba za safu msizilinganishe na fleti. Mwenye nyumba ya safu ana mlango wake wa chini, paa lake na mara nyingi kiuwanja. Ya pembeni huchangia ukuta mmoja tu na jirani, hivyo hupata hewa na mwanga zaidi kuliko ya katikati.

Kagueni pia umiliki. Fleti yenye hati ya sehemu ya jengo chini ya Sheria Na. 16 ya 2008 inawekwa rehani. Iliyouzwa kwa mkataba tu na mwenye kiwanja inaisumbua benki, na bei yake huwa chini kwa sababu hiyo. Msiziweke kwenye jedwali moja bila kulieleza hilo.

Mthamini, Upanga, Dar es Salaam