Mbegu ya moina Jumamosi

Assalam aleikum wanakikundi. Jumamosi baada ya alasiri tutagawana, huko Tudor, Mombasa, mbegu ya moina, yaani wachache wa kuanzia kufuga wa vijidudu hawa vya majini vya kulisha samaki. Njoo na chupa ya lita moja isiyo na harufu ya sabuni, na usiijaze pomoni, viumbe hawa wanataka hewa.

Nimechagua moina badala ya dafnia wakubwa, jamaa zao, kwa sababu ya joto letu. Dafnia wakubwa hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 22 hivi, na ndoo ya uani Kisauni mwezi wa Februari haishuki hapo hata alfajiri. Moina huvumilia nyuzi 30, na kwa udogo wao hata samaki wachanga huwameza.

Nawasihi sana kuhusu maji. Ya mfereji yana klorini, yaacheni wazi siku mbili. Ya kisima chenye chumvi, na visima vya namna hiyo tunavyo tele, msiyatumie kabisa. Ya mvua ni mazuri, ila si yaliyopita kwenye mabomba ya shaba, maana shaba huwaua.

Chakula ni hamira kidogo mno iliyokorogwa kwenye maji, yapate ukungu tu. Usiongeze mpaka maji yang'ae tena. Wengi huwaua kwa kuwashibisha: hamira ikioza, hewa humalizika majini, ndoo nzima inakufa usiku mmoja. Kwa hiyo wekeni ndoo mbili, kivulini, zote zimefunikwa chandarua. Hatutaki kuwafugia majirani mbu.

Atakayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa, nijue kiasi cha kuvuna.