Barua kwa mdogo wangu, kuku mgeni wa viwanja vya watu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa juzi, wa kuachwa na timu nyengine ya mpira wa kikapu, nimeupata. "Dada, wameniacha tena." Nilikujibu "pole, lala", maana ilikuwa saa 6 usiku na mimi mwenyewe nilikuwa sijielewi. Jawabu yenyewe ni hii, na naiandika hadharani makusudi. Nikikwambia faraghani utanirudishia "sawa dada" na kidole gumba, yatakuwa yamekwisha. Tena wapo jamaa zetu wa barazani, na wao nataka wasome.

Maana habari imeshafika. Jana nimepita Kikwajuni kwa shangazi, sijavua hata viatu: "Eti mwanangu kaachwa tena? Hiyo timu ya ngapi?" Nikamwambia ya saba. Akatikisa kichwa kama anayehesabu talaka. Mjomba akatia lake, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wakacheka wote. Mimi nikanywa chai yangu nikanyamaza. Lakini nimelala nalo.

Timu 7 kwa miaka 9. Kwa hesabu ya shangazi, umeshindwa mara 7. Na kusema kweli, hata mimi nilikuwa nikihesabu hivyo hivyo mpaka nilipoanza kukusomea mikataba.

Unakumbuka mwaka 2009? Ulikuwa na miaka 13. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis, Mtanzania wa kwanza kufika kule, mtu wa mita 2.21. Watoto wote wa Maisara wakataka kurefuka. Wewe ukajining'iniza kwenye mlango wa choo kila asubuhi mpaka bawaba zikang'oka, na baba akakutia adabu ya kuchota maji wiki mbili. Hukurefuka. Mabega ndiyo yaliyopanuka kidogo, kwa zile ndoo.

Halafu Disemba 10 umeme ukakatika Unguja nzima, waya wa baharini umeharibika, ukarudi Machi 2010. Miezi 3. Watu wanakumbuka moshi wa majenereta na samaki walioharibika kwenye mafriji. Mimi nakumbuka pu, pu, pu, ukumbini, gizani, baada ya isha. Bibi alisema mtoto kaingiwa na jini la ngoma. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kati ya miguu, unazunguka meza ya chakula bila kuigusa. Hukuwa unautazama mpira kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Leo makocha wanakusifu kwamba unaudundisha mpira huku macho yako yako kwa wenzako, wanadhani umefundishwa mahali. Umefundishwa na waya uliokatika.

Mwezi wa Februari ule, sisi bado tuko gizani, Memphis wakamteremsha Thabeet ligi ndogo, kule Dakota. Mchezaji aliyechaguliwa wa pili! Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City, kisha akazunguka mpaka Japani. Barazani walimsema sana, kana kwamba wao walishawahi kutia guu hata kwenye ngazi za uwanja wa kule. Hukuwasikia, ulikuwa na mpira wako. Ila mimi nililiweka akilini: hata mwenye mita 2.21 anafungishwa virago.

Sasa gadi kama wewe, anayeupandisha mpira na kuwagawia wenzake, je? Mrefu anapohama anahama na urefu wake. Akishuka kwenye ndege kazi yake imeshaonekana. Gadi anashuka na begi. Timu ina mipango yake, majina yake, ugomvi wake wa ndani, na yeye ana wiki moja ya kuvijua vyote, kwa sababu mpira unaanzia mkononi mwake na ana sekunde 8 za kuuvusha nusu ya uwanja, 24 kwa jumla za kutafuta ringi. Kigali ulijifunza kuhesabu kwa Kinyarwanda ili uite mipango. Maskati ulikuwa unakaa kwa ami na kula wali wa nazi kama uko kwetu, lakini kiwanjani ni Kiarabu kitupu, ukanitumia picha ya mlango wa friji uliobandikwa vikaratasi: duara, mshale, duara, na chini yake jina la mtu na neno "hapendi kupasiwa chini". Ile picha ninayo bado. Hapendi kupasiwa chini! Mtu mzima na ndevu zake, na wewe kazi yako ni kulijua hilo kabla ya Ijumaa.

Kule NBA yuko Ish Smith, nawe unamjua kuliko mimi. Gadi, mfupi kwa wenzake, mwaka 2010 hakuchaguliwa na timu hata moja. Akaanzia Houston, akachezea timu 13, na hakuna aliyefikisha idadi hiyo kabla yake. Ya 13 ilikuwa Denver, akachukua nao ubingwa 2023, akiwa mtu wa akiba. Nilimweleza mjomba habari hii. Akauliza, "Kwa hiyo mara 12 walimfukuza?" Nikamwambia hapana, mjomba, mara 13 walimwita. Akanyamaza, au labda alikuwa anatafuna.

Hukohuko kuna mkataba wa siku 10. Siku 10 tu! Timu inaweza kukupa huo mara mbili kwa msimu, ikikutaka zaidi ikusajili mpaka msimu uishe, la sivyo kwaheri. Nimechapa mikataba mingi kwa wakili wangu pale Vuga, ya nyumba, ya mashamba ya mikarafuu, ya ndoa zilizogeuka kesi. Sijaona fundi wala mwalimu wa skuli anayepimwa kwa siku 10.

Tuje kwenye mikataba basi. Ule wa kwanza ulinitumia ukiwa umeshatia saini. Kurasa mbili, na nusu ya pili ni nembo ya klabu. Klabu siitaji, wenyewe wanajijua. Mwezi wa tatu mshahara hakuna, wa nne hakuna, wa tano wakakuonesha mlango. Niliwaandikia barua tatu, wakati wa chakula cha mchana, kwa kompyuta ya ofisi. Jibu likawa tiki mbili za buluu. Nikamuuliza wakili, akaniuliza swali moja: "Kifungu cha usuluhishi kiko wapi?" Hakikuwepo. Ndipo nilipojua kwamba kikapu kina baraza lake la usuluhishi, BAT, Geneva, lilianzishwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, 2007, na mchezaji asiyelipwa anaweza kulipelekea shauri lake hata kama klabu iko upande mwengine wa dunia. Lakini lazima mkataba uwe umelitaja. Usipolitaja huna mlango wa kugonga. Pesa zile zilikwenda na maji.

Na bado hukuweza kuondoka vizuri, kwa sababu mchezaji anapovuka mpaka lazima barua ya ruhusa itoke kule anakotoka, nayo yako ilikaa wiki 5. Wiki 5 unafanya mazoezi peke yako na kula kwa mwenzako.

Tangu hapo hutii saini bila mimi. Maskati meneja alikuuliza nani kakufundisha mambo ya Geneva, ukamwambia dada yangu, akacheka, akakaa siku mbili, akakitia kifungu. Walikulipa kila senti. Huo ndio ubingwa wangu mimi, na sikupewa kikombe.

Mpira wako nimeuona kwa macho mara moja tu, Dar, nilipovuka na baba kwa boti. Ulikaa benchi robo tatu. Ya nne, gadi wenu kapata faulo ya tano akatolewa, ukaingia, mko nyuma kwa pointi 6. Baba akasogea mbele kwenye kiti. Ulifunga mbili tu, za adhabu. Lakini niliona kitu: kabla mpira haujaingizwa ulimshika yule mrefu wenu pindo la jezi ukamvuta hatua mbili kulia, kama mtu anayesogeza kabati. Hukumwambia kitu. Sekunde chache baadaye alikuwa peke yake chini ya ringi na mpira unamfikia kifuani. Kifuani, si chini. Mkafanya hivyo mara nne, mkashinda. Uwanja mzima ukaimba jina lake. Kwenye boti ya kurudi baba akasema, "Yule mrefu anajua." Nilimwacha. Bahari ilikuwa imechafuka na alikuwa ameshika mfuko wa kutapikia.

Umeniuliza kama urudi moja kwa moja. Unakaribia 30, kifundo cha mguu kinavimba, mama anataka uoe. Hayo yote ni kweli. Ukitaka kurudi, chumba chako kipo, nimehifadhi humo magunia mawili ya mchele lakini yatatoka. Ila usirudi kwa sababu ya haya ya barazani. Ule mkataba wa miezi miwili wa Bara nimeusoma. Gadi wao kaumia, wamekutafuta wewe kwa jina, na tiketi wanalipa wao. Mimi naona uende. Geneva haimo, wakiitia tutaendelea.

Na ukurasa wa tatu upige picha upya. Kidole chako kimeziba mshahara.